Kona ya Nyuma Kushoto

Gari la baba lilikuwa linalala. Simaanishi kuegeshwa. Jioni aliliacha uani limesimama vizuri, kuku wakipita chini yake bila kuinamisha vichwa. Asubuhi tulilikuta limelalia tumbo kama ng'ombe anayecheua, matairi yamemezwa na madigadi, kuku wamelazimika kuzunguka. Baba akiliwasha, pampu ilianza kunung'unika huko chini, na gari likainuka polepole, nyuma kwanza, kisha mbele, likitikisa kiuno. Siku nyingine lilifika juu. Siku nyingine lilifika nusu, taa ya rangi ya machungwa ikawaka kwenye dashibodi, likagoma.

Ni gari kuukuu la kupanda milima, la kukaa juu, ambalo zamani lilibeba wakubwa wa ofisi. Baba alilinunua kwa mpima ardhi mstaafu huko Kisii mjini. Halina springi za chuma. Mahali pa springi pana mifuko minne ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kila kona, na kompyuta ndogo inayoamua gari liwe juu kiasi gani. Baba ana duka la mbolea na dawa za mifugo pale Kebirigo. Hakuzoea kuendesha kitu chenye maamuzi yake.

Alilinunua kwa sababu ya Manga. Kaka yangu alikuwa ameleta mke nyumbani, mtoto akapatikana, akaanza hata kuota meno, lakini kwa kina mke hatukuwa tumekanyaga. Mara ya kwanza gari la kukodi lilishindwa na matope ya kupandia Manga, wazee wetu wakarudi kwa miguu wakiwa na suti juu na udongo mwekundu chini. Mara ya pili tulifiwa. Ndipo mzee wa Manga, baba yake wifi yangu, akatuma ujumbe: mje Jumamosi hii. Msipokuja, binti yangu apande boda na mtoto wake arudi kwetu. Hakumlea, alisema, ili akae kwa watu kama mzigo uliosahaulika stejini.

Baba naye akaapa kwamba safari hii angefika kwa gari lake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Akaapa mbele ya watu dukani. Sasa gari lilikuwa limelala, wiki yenyewe ni ile, na wifi alikuwa ameanza kuweka nguo za mtoto karibu na begi. Hakuziweka ndani ya begi. Aliziweka karibu.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu na nina haya ya kupindukia. Shuleni mwalimu akinitaja nasimama, mdomo unafunguka, na sauti inabaki imekaa. Dukani kwa baba wakiwepo wateja wawili, nangoja nje mpaka waondoke ndipo niingie kumwambia chakula kiko tayari. Ndiyo maana naandika. Na ndiyo maana bado sielewi ni kwa nini, kati ya watu wote wa boma letu, mimi ndiye niliyefanywa mdomo.

Ilikuwa hivi. Wifi ni fundi wa magari. Alisomea ufundi chuoni, akafanya kazi kwenye gereji Kisii mjini mpaka mimba ilipomzuia kuingia chini ya magari. Hana unyenyekevu hata wa kuazima. Gari likipita barabarani anakuambia ugonjwa wake kabla halijapinda kona, na mara nyingine anakosea, lakini anakosea kwa sauti kubwa. Mtu wa kulipima gari la baba alikuwepo nyumbani tayari, anafua nepi.

Tatizo ni kwamba sisi tuna chinsoni. Ni ile aibu ya heshima kati ya baba mkwe na mkamwana. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawapishani mlangoni, na baba hatii mguu katika nyumba ya mwanawe. Kuna watu siku hizi wanalegeza. Baba yangu anakaza. Wifi akitokea njia ya kisimani, baba anaingia kwenye migomba kama mtu anayefuatwa na nyuki. Kuzungumza moja kwa moja, labda nyumba iwe inaungua, na hata hapo nadhani angetafuta mtu wa kumtuma. Sasa watu wawili kama hao watalala vipi chini ya gari moja?

Jumatano asubuhi baba alikuwa amefungua boneti, wifi yuko nyuma ya jiko na beseni lake. Kati yao kulikuwa na ukuta wa udongo na mimi.

"Wifi," akaniita, "mwambie mzee hiyo pampu imechapa."

Nikatembea hadi kwenye gari. "Anasema pampu imechapa."

"Nimesikia," baba akasema, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imesikia. "Muulize amejuaje na hajaiona."

Nikarudi. Sikuwa nimefika.

"Mwambie hata daktari husikia kikohozi! Inaanza na nguvu, halafu inafifia, halafu kimya. Hiyo ni maiti."

Nilipomgeukia baba alikuwa tayari anajibu, akiangalia injini kana kwamba injini ndiyo iliyozungumza. "Mwambie ni sensa, kile kijicho cha kupima urefu. Yule aliyeniuzia alisema ukiona taa, safisha sensa."

"Mwambie sensa haitoboki! Hewa inatoka, sensa inaangalia tu!"

Nilikwenda na kurudi mpaka nikatengeneza njia kwenye nyasi, nikibeba maneno ambayo yalikuwa yanafika kabla yangu. Mama alitoka na mwiko mkononi akanitazama. "Kwani wewe ni nani hapa, redio?" Lakini hakunitoa kazini, kwa sababu bila mimi baba asingemjibu wifi, na wifi asingemjibu baba, na wote wawili walihitaji mtu wa kumtazama wakati wanapigiana kelele.

Baba alisafisha sensa zote nne kwa kitambaa na petroli. Gari halikubadilika. Kisha mvua ya mchana ikanyesha, akaenda kula, na aliporudi kujaribu, pampu ikaamka na kuliinua gari mpaka juu kabisa. Baba alifurahi kuliko nilivyomwona Krismasi.

"Mwambie maiti imefufuka!"

Nilikwenda nikamwambia wifi maiti imefufuka. Nilidhani atakasirika. Aliacha kusugua nepi, akakaa vile, povu mkononi, akitazama ukuta.

"Imefufuka baada ya kupumzika," akasema polepole. "Basi haiumwi. Imechoka. Inapata joto, inajizima. Wifi, hiyo pampu inajaza kitu kinachovuja. Siku nzima inajaza, ni kama kuteka maji na kikapu." Akainuka. "Mwambie mzee nilikosea."

Nilipomfikishia baba habari hiyo alifunga boneti taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeletewa zawadi. "Mwambie na mimi sensa nilikosea kidogo."

Lakini uvujaji wa wapi? Hapo ndipo kila mtu alipokwama, maana asubuhi gari lilikuwa chini kona zote nne, na mifuko yote minne haiwezi kutoboka kwa mkupuo. Alhamisi wifi alinieleza akiwa ananyonyesha. Ile kompyuta haipendi gari likae upande. Ikiona kona moja imeshuka, inateremsha na zingine ili ziwe sawa. Hata gari likiwa limezimwa, inaamka kila baada ya muda na kusawazisha. Ukija asubuhi wote wako chini na huwezi kujua nani alianza.

Nikaelewa mara moja. Ndivyo inavyokuwa bwenini: mmoja anapiga kelele, bweni zima linapigishwa magoti.

"Sasa mwambie mzee achomoe fyuzi ya hiyo kompyuta jioni, gari likiwa juu. Likilala bila akili, mwenye makosa atalala peke yake."

Baba hakupenda neno akili, lakini alichomoa. Kabla ya giza nilitumwa na rula yangu ya shule nipime kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka ukingo wa digadi. Majirani waliokuwa wanapita na majani ya napia walisimama wakauliza kama gari linashonewa nguo. Mimi nilitazama rula.

Ijumaa asubuhi gari lilikuwa limesimama kama mtu aliyeegemea mguu mmoja akingoja boda. Kona tatu zilikuwa palepale nilipoziacha na rula. Ya nyuma kushoto ilikuwa chini kabisa. Baba alilizunguka, akapiga makofi peke yake. Wifi, nyuma ya jiko, aliposikia makofi hakuhitaji ujumbe.

"Nyuma kushoto!" nikamwambia hata hivyo.

"Sasa tumshike."

Kumshika kulihitaji maji ya sabuni. Unanyunyizia mfuko na paipu yake, mtu juu anabonyeza swichi ya kuinua, na mahali hewa inapotoka panafanya povu. Hiyo ilimaanisha mtu chini ya gari na mtu ndani ya gari, kwa wakati mmoja. Ndani, baba hakukubali mwingine akalie kiti cha dereva. Hata kaka hajawahi. Chini, baba alijaribu kwanza mwenyewe, na tumbo likagoma pale kwenye ngazi ya mlango. Fundi wa Kebirigo alikuwa amesafiri. Kaka angefika usiku kutoka Nakuru, na anajua magari kwa kuyapanda. Alibaki wifi tu, ambaye angelala chalichali futi chache kutoka kwenye miguu ya baba mkwe wake.

Baba alikaa juu ya ndoo akafikiri. Kisha uso ukang'aa na akaniita karibu. Naandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu nilipewa niyabebe kama yalivyo.

"Mwambie hivi. Ng'ombe bado hawajaenda kwao, si ndiyo? Basi kwa mila yenyewe bado si mkamwana. Kwa sasa ni fundi tu. Fundi na mwenye gari hawana chinsoni. Aje tufanye kazi, hakuna atakayelaumiwa."

Alifurahia sana hoja hiyo. Hata mimi niliiona iko sawa, kama hesabu. Nikaipeleka.

Wifi alikuwa ameshajifunga leso kichwani, kopo la kunyunyizia likiwa mkononi, limejaa povu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliweka kopo chini, kwa utaratibu sana.

"Fundi tu," akasema.

"Kwa sasa," nikasema, nikidhani nasaidia.

"Fundi huwa analala kwa mteja? Anapika kwa mteja? Anazaa kwa mteja?" Kwa mara ya kwanza hakuwa anapaza sauti, na baba hakusikia chochote. "Mwambie fundi amemaliza kazi, anarudi kwao."

Akaingia ndani. Kutoka mlangoni niliona zile nguo za mtoto zinaingia kwenye begi.

Sikuweza kumpelekea baba ujumbe huo. Nilisimama katikati ya ile njia yangu ya nyasi nikaanza kulia, na mama akanikuta hapo, akanitoa maneno yote moja moja. Alipomaliza kuyasikia alikwenda kwa baba na mwiko.

"Wewe umemfukuza mke wa mtoto kwa mdomo wa mtoto!"

"Mimi nilikuwa narahisisha!"

"Unajua alivyokuwa ananiambia? Kila ukikimbilia kwenye migomba anacheka jikoni, anasema, 'Mama, angalau mzee ananikimbia.' Hicho ndicho kitu pekee umewahi kumpa. Ng'ombe hujatoa, kwao hujaenda, umempa chinsoni tu. Na leo umeinyang'anya ili uguse gari!"

Baba alifungua mdomo. Nilimfahamu sana wakati huo. Sauti ilikuwa imebaki imekaa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaniwekea mkononi, akatembea mpaka kwenye migomba. Akaipa nyumba mgongo. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, vikapu mgongoni, na alihakikisha wamefika usawa wa lango letu kabla ya kupaza sauti.

"Wewe msichana! Mwambie mkamwana wangu!" Wanawake wakasimama. "Mwambie mkamwana wangu mimi siwezi kukaribia gari akiwa hapo, maana namheshimu! Mwambie gari ni lake mpaka atakapolimaliza! Mimi nitakaa hapa hapa kwenye migomba, hata mvua inyeshe!"

"Mvua inakuja kweli," mwanamke mmoja akasema.

"Inyeshe!"

Nikaingia kwa wifi. Alikuwa ameketi kitandani, begi limefungwa nusu.

"Baba anasema…"

"Nimesikia," akasema, akafuta pua kwa ile leso. "Nchi nzima imesikia. Yuko wapi?"

"Kwenye migomba."

"Ametupa mgongo?"

"Ametupa mgongo."

Akachukua kopo.

Kabla hajaingia chini alitufanya mimi na mama tuburute magogo mawili na mawe tukayapanga chini ya chesisi, akayapiga teke kuona kama yanatikisika. "Gari la hewa haliaminiki," akasema. "Likiamua kulala, linakulalia." Kisha akateleza chini, ikabaki miguu na sketi aliyoifunga magotini. Mimi nikarudisha ile fyuzi, nikapanda kiti cha dereva. Kilikuwa kikubwa na kilinuka mbolea.

"Washa! Bonyeza juu!"

Nikabonyeza. Pampu ikanung'unika.

"Anasemaje?" baba akaita kutoka migombani, bila kugeuka.

"Bado!" nikamjibu. Nilimpigia baba yangu kelele, mbele ya watu, nikiwa juu ya kiti chake. Wanawake wa majani chai walikuwa wameshusha vikapu na kukaa.

"Mfuko wenyewe uko sawa," wifi akasema. "Mpira hauna ufa. Bonyeza tena. Ngoja. Ngoja… Huyo!"

"Nani?" baba akaita.

"Povu!" nikapiga kelele. "Ameona povu!"

"Wapi?"

"Juu ya mfuko, paipu inapoingilia! Inachemka kama uji, wifi, njoo uone!" wifi akaniambia kutoka chini. Lakini nilikuwa nimekatazwa kutoka kitini, kwa hiyo niliuona uji huo kwa masikio tu. Paipu ile nyembamba ya plastiki ilikuwa imesuguana na chuma mpaka ncha yake ikalika upande mmoja, na hewa ilikuwa ikipenya hapo kidogo kidogo, usiku kucha. Hakukuwa na kitu cha kununua. Aliondoa hewa, akakata ile ncha mbovu kwa wembe mpya, sawasawa kabisa, akairudisha mpaka ikagota, akaifunga paipu mbali na chuma kwa kipande cha mpira wa tyubu. Aliponyunyizia tena hakuna kilichochemka. Mvua ilikuwa imeanza. Baba alikuwa amejifunika jani la mgomba kichwani, bado ametupa mgongo.

Jioni wifi alikwenda kwao na mtoto, kama inavyotakiwa, ili tumkute huko. Begi aliliacha.

Jumamosi tulipanda Manga. Baba aliendesha, kaka akiwa na suti, baba mdogo mbele kwa sababu yeye ndiye msemaji wetu, mama na mimi nyuma na vikapu. Pale penye matope baba alibonyeza swichi, gari likajiinua na kuvuka kama bibi aliyeshika sketi. Hakuna aliyesukuma.

Mzee wa Manga alitungoja langoni. Alilizunguka gari, mikono nyuma. "Tulisikia lina ugonjwa wa kulala."

"Lilikuwa nao," baba akasema kwa fahari. "Mkamwana wangu amelitibu."

Baba mdogo alikohoa kikohozi kirefu. Ni jambo ambalo hata mtoto analijua: huendi kwa wakwe kumsifu msichana kabla ya mazungumzo ya mahari. Unasema ni mwembamba, unasema anachelewa kuamka. Sisi tulikuwa hatujavua hata viatu na bei ilishapanda.

Ndani, baba mdogo alijaribu kuokoa. "Ndugu yangu alimaanisha," akaanza, akitabasamu pande zote, "binti alisaidia kushika tochi. Si mnajua wazee, mtu akishika tochi wanasema ametengeneza."

Wifi alikuwa anaingia na trei ya chai. Akasimama mlangoni. Hakumtazama baba, na baba alikuwa ameshainamisha kichwa ili asimwone.

"Alishika tochi ama alitengeneza?" mzee wa Manga akauliza. "Nani alikuwepo?"

Baba hangeweza kusema, alikuwa migombani. Kaka alikuwa Nakuru. Mama alikuwa amepanga magogo, lakini alinigeukia mimi, na chumba kizima kikageuka naye. Baba mdogo alinikazia macho namna ya kuniambia tochi, tochi, tochi.

Nikasimama. Nilitazama zulia. Nikasema alianza kwa kukosea pampu, kisha akajirekebisha mwenyewe. Nikasema ya fyuzi, ya rula, ya kona tatu zilizosimama na moja iliyolala. Nikaeleza kompyuta inavyopigisha wengine magoti. Nikasema ya sabuni na paipu na wembe na tyubu. Nikasema tochi haikuwepo kabisa, ilikuwa mchana. Sijui nilizungumza kwa muda gani, ila chai ilikuwa na ngozi juu nilipokaa.

Mzee wa Manga alimtazama baba mdogo kwa huruma. "Basi tuanze upya," akasema, na upande wao wote ukacheka.

Tuliongeza ng'ombe mmoja. Baba alikubali haraka mno, baba mdogo akamkanyaga kiatu kwa kuchelewa. Kisha wakashikana mikono, mama wa Manga akapiga vigelegele, na wifi akaweka trei chini kwanza ndipo akalia.

Hakurudi nasi garini. Sasa alikuwa mkamwana kamili, kwa hiyo hilo halikuwezekana tena hata kidogo; alifuata kwa boda na kaka na mtoto. Sisi tukateremka Manga na mkungu wa ndizi nyuma. Tulipofika lami baba mdogo akageuka kunitazama, akamgeukia baba.

"Huyu si mlisema hasemi?"

"Hasemi," baba akajibu, akabadilisha gia.